Jinsi ya kuchagua kadi ya grafiki itakayokubali kwenye kompyuta yako ya gemu ya bajeti ndogo

Watu wengi wanaanza kinyume. Mtu anaona kadi inasifiwa kwenye video, anaipenda, anajichanga ananunua, alafu ndo anafungua kompyuta anakuta kadi ni ndefu haiingii, au imeingia lakini pawa saplai haina waya wa kuilisha, au imewaka vizuri kabisa ila monita yake ya zamani haina pa kuchomeka. Kadi nzima, kompyuta nzima, ila haviendani na hela ishatoka. Mwenye bajeti kubwa atabadilisha tu hicho kinachokataa, we mwenye bajeti ndogo huna hiyo nafasi, kwahiyo acha mashine yako ndo iseme inataka nini, kadi ije mwisho kabisa.

Kama unatumia laptop mwongozo huu haukuhusu, maana kadi ya laptop karibu zote imelehemewa kwenye bodi na huwezi kuibadilisha. Hii ni ya kompyuta za mezani.

Hatua ya 1: Jua una nini

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona jina la prosesa, modeli ya mazabodi au ya kompyuta nzima kama ni ya kampuni, na kama BIOS yako, yani programu ya mazabodi inayowasha kompyuta, inatumia UEFI (mfumo mpya) au Legacy (wa zamani). Ukitaka undani zaidi daunlodi CPU-Z, ni ya bure, inakuonyesha mpaka RAM zimekaa kwenye sloti ngapi. Hivyo vyote andika kwenye simu. Alafu zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, piga picha stika ya pawa saplai na nafasi yote iliyopo ndani. Hakuna programu itakayokwambia pawa saplai yako ni ipi, lazima uione kwa macho.

Hatua ya 2: Pawa saplai, hapa usiharakishe

Hapa ndo wengi wanaumia. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, sijui 500W sijui 600W, usiitegemee. Kwenye stika kuna jedwali dogo, tafuta safu ya +12V, chini yake kuna namba ya amp. Chukua hizo amp zidisha mara 12 unapata wati ambazo kadi na prosesa vitagawana, kwasababu vyote viwili vinakula hapo hapo kwenye 12V. Mfano stika imeandikwa 500W lakini safu ya +12V inasema 18A, 18 mara 12 ni 216. Kwahiyo kwa kazi ya gemu hiyo ni pawa saplai ya wati 216, zingine zimesambaa kwenye 3.3V na 5V ambako kompyuta ya siku hizi haizihitaji sana, au ni namba tu ya kuuzia. Ukikuta +12V mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe hivi hivi, angalia mstari wa chini unaotaja kiwango cha juu cha zote mbili kwa pamoja.

Sasa piga hesabu. Kadi ya RX 6600 inakula wati 132. Prosesa ya Ryzen iliyoandikwa 65W kwa kweli inaruhusiwa kufika 88 ikibanwa. Diski, feni, RAM na mazabodi wape 50. Jumla ni 270, alafu kadi zina tabia ya kuruka ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kupita kiwango chake, kwahiyo lazima uache nafasi. Ndo maana AMD wanasema kwa RX 6600 uwe na pawa saplai ya wati 450. Kwa GTX 1650 inayokula 75 tu, NVIDIA wanasema 300 inatosha.

Baada ya wati kuna swala la pini. Sloti ya PCIe, ile ndefu ya mazabodi unayochomeka kadi, yenyewe inatoa mpaka wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kwahiyo kadi isiyo na tundu la waya kabisa inajitosheleza na sloti, na kadi yenye tundu la pini 8 lazima pawa saplai yako iwe na huo waya umetoka nao kiwandani, kawaida umegawanyika 6+2. Usiuchanganye na waya wa prosesa ambao nao una pini 8 lakini umegawanyika 4+4. Vinafanana ukiangalia juu juu ila mpangilio wa chanya na hasi uko kinyume, ukilazimisha kuuingiza unaunguza kadi.

Na zile adapta za kugeuza waya wa SATA, ule wa umeme wa diski, kuwa pini 6 au 8 naomba uachane nazo kabisa. Tundu la SATA upande wa 12V limepimwa kubeba amp 4.5, ambazo ni wati 54, sasa kadi inakuja inavuta 75 au zaidi kupitia hapo, plastiki inayeyuka. Pawa saplai isiyo na waya wa kadi maana yake aliyeitengeneza hakuikusudia kubeba kadi kubwa, msikilize.

Wenye kompyuta za ofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na ndugu zake, nyie mna jambo la ziada. Mashine hizi ni msingi mzuri sana wa kompyuta ya gemu ya bei nafuu, ila pawa saplai zake mara nyingi zina umbo lake na plagi zake, ya kawaida ya ATX haikai au haichomekeki bila adapta. Kwahiyo kwenu jibu rahisi ni kadi isiyohitaji waya: GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400 ya wati 53, au RTX 3050 ya 6GB ya wati 70. Ila angalia picha ya toleo husika kabla ya kulipa, maana kuna GTX 1650 zilizotoka na tundu la pini 6. Pia soma mwongozo wa modeli yako kwenye tovuti ya kampuni, maana baadhi ya hizi mashine sloti yake haijaruhusiwa kutoa wati 75 zote.

Hatua ya 3: Pima nafasi

Chukua rula. Pima kutoka kwenye ukuta wa nyuma wa kava, pale kadi inapofungwa skrubu, mpaka kitu cha kwanza kinachozuia mbele, iwe feni, iwe kizimba cha diski. Hiyo ndo nafasi ya urefu, kadi iwe fupi kuliko hapo kwa sentimita moja mbili ili uweze kuigeuza wakati wa kuingiza. Urefu wa kadi wameuandika kwa milimita kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa bajeti ndogo tafuta zenye feni moja au mbili, zile za feni tatu hazikuongezei kitu cha maana kwenye kadi za daraja hili.

Angalia na unene. Kadi nyingi zinakula sloti mbili, na ile nene inaweza kukalia matundu ya SATA ya mazabodi. Kumbuka pia waya wa umeme unachomekwa ubavuni kwa juu, kwahiyo kava jembamba linaweza kukataa kufunga hata kama kadi imeingia.

Kama kompyuta yako ni ile nyembamba ya SFF unahitaji kadi fupi ya kimo, wanaziita low profile, na hakikisha kibati kifupi cha kufungia kipo kwenye boksi. Kwenye mitumba kile kibati kimepotea mara nyingi, na bila hicho kadi inaning'inia. Zipo RX 6400, GTX 1650 na RTX 3050 6GB za hivi.

Hatua ya 4: Sloti na njia zake

Watu wanaogopa sana hapa wakati kwa sehemu kubwa hakuna shida. PCIe ya zamani inakubali kadi mpya na mpya inakubali ya zamani, zinakutana kwenye spidi ya yule mdogo. Tumia sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa, maana ile ndefu ya pili ya chini mara nyingi ni ndefu kwa umbo tu, ndani ina njia 4 za kupitisha data.

Mtego uko kwenye kadi zenyewe. RX 6400 na RX 6500 XT ukiziangalia zina mguu wa njia 16 lakini zinatumia 4 tu. Kwenye PCIe toleo la 4.0 hizo njia 4 zinapitisha kama GB 8 kwa sekunde, kwenye PCIe 3.0 zinabaki GB 4. Sasa hizo kadi zina VRAM, yani memori ya kadi yenyewe, ya GB 4 tu kwa matoleo mengi, gemu ikizidi hapo kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia hako kanjia, na hapo ndo unaona gemu inaenda inakwama inaenda inakwama. Aliyenunua RX 6400 kuiweka kwenye mashine ya PCIe 3.0, na kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika ndo hizo, kwenye gemu nyingi anapitwa na mwenye GTX 1650 ya mwaka 2019 inayotumia njia zote 16. RX 6600 inatumia njia 8 na kwenye 3.0 inapoteza kidogo sana, hiyo usiogope.

Na usidanganyike na jina la mazabodi. Ryzen 5 5500 na 5600G hata ukiziweka kwenye bodi ya B550 sloti inaenda 3.0, kwasababu prosesa zenyewe ndo zina mpaka huo.

Kwenye BIOS, kadi za kisasa zinapenda UEFI. Kama mashine ni ya zamani na bado inatumia Legacy, apdeti BIOS kwanza kabla kadi haijafika. Kadi za Intel Arc ndo kali zaidi kwa hili, zinahitaji Resizable BAR, setingi ya BIOS inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, bila hiyo zinaanguka vibaya. Intel wenyewe wanataka prosesa ya kizazi cha 10 ya Intel au Ryzen 3000 kwenda juu, kwahiyo Arc B580 ya GB 12 ni kadi nzuri sana kwa mwenye mashine mpya mpya na kadi mbaya kwa mwenye i5 ya kizazi cha 4, kadi ile ile.

Hatua ya 5: Prosesa na monita vinasemaje

Kuna jaribio la bure la kujua kama prosesa yako itaibana kadi. Kama tayari una kadi, hata dhaifu, fungua gemu unayocheza, washa kionyesha FPS (picha ngapi kwa sekunde), alafu shusha rezolusheni kutoka 1080p mpaka 720p bila kugusa setingi nyingine. FPS zikipanda sana, kadi ndo ilikuwa inakubana na kadi mpya itasaidia. Zikibaki pale pale, prosesa au RAM ndo tatizo, kadi mpya haitakuongezea chochote kwenye hiyo gemu. Gemu kama Valorant na Counter-Strike 2 zinategemea prosesa sana, mtu anaweka kadi kubwa na FPS hazisogei, analaumu kadi.

Kabla hujaendelea angalia na RAM. Kama una 8GB kwenye kijiti kimoja, kuongeza kijiti cha pili kama hicho ni hela ndogo na mkwamo mwingi unaondoka, fanya hilo kwanza.

Monita ni ya haraka. Kama ni ya 1080p na 60Hz, kadi ya kukupa FPS 140 ni hela unayoiacha mezani. Kama ina VGA tu, jua kwamba kadi za NVIDIA kuanzia GTX 10 na za AMD kuanzia RX 400 hazitoi tena mawimbi ya analogi, na waya wa kawaida wa DVI kwenda VGA hautafanya kazi, unahitaji kibadilishi chenye saketi ndani yake, HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA. Kiweke kwenye hesabu ya bajeti mapema.

Hatua ya 6: Sasa chagua

Mpaka hapa orodha yako imebaki na kadi chache. Cha kwanza kutazama ni VRAM. GB 4 inatosha kwa Fortnite, GTA V, gemu za mpira na gemu za mashindano ukiwa na setingi za kati kwenda chini. Kwa gemu kubwa mpya kwa 1080p tafuta GB 8, GB 6 utaishi nayo ukishusha ubora wa texture.

Cha pili ni majina, na hapa kuwa makini kweli kweli kwasababu watengenezaji wanaweka jina moja kwa vitu viwili tofauti. GT 1030 ipo ya GDDR5 yenye kupitisha GB 48 kwa sekunde, na ipo ya DDR4 yenye GB 16.8, boksi karibu sawa. GTX 1060 ya 3GB haijapunguzwa memori tu, hata kore imepunguzwa, zipo 1152 badala ya 1280. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ni RX 570 kwa jina lingine. RTX 3050 ya 8GB na ya 6GB pia ni chipu zenye nguvu tofauti, ya kwanza inataka wati 130 na waya. Muulize muuzaji jina lote mpaka mwisho na aina ya memori, akikwepa kujibu achana naye.

Cha tatu ni umri. NVIDIA walisimamisha draiva (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya kwa GTX 900 na GTX 10 mwishoni mwa 2025, wamebakiza za usalama tu. Hazijafa, gemu za zamani zitaendelea, ila usinunue GTX 1060 leo ukitegemea gemu za mwakani. Na kuna gemu zinazolazimisha kadi yenye rei tresingi (hesabu za mwanga) ya ndani ya chipu, Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 ni mifano, hizo GTX yoyote inakataliwa mlangoni, hata 1660 Super. Kama unarekodi au kurusha gemu zako mtandaoni, RX 6400 na RX 6500 XT ziache, hazina kifaa cha kuenkodi video ndani.

Mimi ningefanya hivi. Mashine ya ofisini bila waya wa kadi: RTX 3050 6GB, ikikushinda GTX 1650. Mashine yenye pawa saplai ya kweli ya 450W na waya wa pini 8: RX 6600, na hii kwa mtu wa 1080p ndo chaguo langu bila kusita, ina GB 8, inakula umeme kidogo na haidai kava kubwa. Ukiipata RTX 3060 ya 12GB iliyotumika karibu na bei hiyo nayo ni safi, ila inataka wati 170. GTX 1660 Super ni ya mwenye bajeti iliyobana zaidi. RX 580 ya 8GB inavutia kwa bei lakini inakula wati 185, wengi wanaoitaka ndo hao hao pawa saplai zao haziiwezi.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika

Usilipe kabla hujaiona inafanya kazi. Nenda na GPU-Z, programu ya bure inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Kuna kadi feki, chipu za zamani sana kama GTS 450 zimebadilishwa BIOS zijiite GTX 1050 Ti, na Windows inaamini kabisa. GPU-Z inazikamata, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Hata kabla ya kuiwasha unaweza kushtuka: GTX 1050 Ti ya kweli haina tundu la VGA, hizo feki nyingi wanaliacha.

Alafu endesha FurMark au Superposition, programu za kuipa kadi kazi nzito, kwa dakika 15 hivi na ukae unaangalia. Vidoti vya rangi, mistari, skrini kuzima na kurudi, hiyo kadi usiichukue hata ikishushwa bei, memori inakufa. Joto likipita nyuzi 85 na bado linapanda, pengine ni thermal pesti (dawa ya kupitisha joto) imekauka, hiyo inarekebishika, tumia hilo kuombea punguzo. Sikiliza feni zote zinazunguka na hazikwaruzi. Geuza kadi uangalie skrubu kama zimechubuliwa na kama kuna kutu kwenye matundu ya HDMI. Kadi iliyochimba kripto sio lazima iwe mbovu, ila muulize kama BIOS yake imerudishwa ya kiwandani, maana nyingi zilibadilishwa.

Hatua ya 8: Kufunga

Kabla ya kutoa kadi ya zamani, ondoa draiva zake kwa programu ya DDU (Display Driver Uninstaller) ukiwa Safe Mode, hasa kama unahama kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kava kabla hujashika kadi. Toa vibati vya nyuma, sukuma kadi kwa usawa mpaka usikie klipu ya sloti imelia, funga skrubu, alafu ndo uchomeke waya wa umeme mpaka mwisho.

Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio kwenye mazabodi. Nimelisema peke yake kwasababu watu wanacheza miezi kadhaa wakiwa wamechomeka kwenye mazabodi wanatumia grafiki ya prosesa, na kadi imekaa bure pembeni.

Ikiwaka chukua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel wenyewe. Alafu fungua GPU-Z, kwenye sehemu ya Bus Interface bonyeza alama ya kuuliza uanzishe jaribio lake, maana kadi ikiwa imetulia inashusha spidi yenyewe na utaona 1.1 ukadhani kuna tatizo. Jaribio likiwa linaendelea isome tena: GTX 1650 iseme x16 3.0, RX 6600 iseme x8. Ikisema x4 au x1 kwa kadi ambayo haitakiwi kuwa hivyo, zima, chomoa, futa miguu ya kadi kwa kitambaa kikavu, rudisha, na uhakikishe uko kwenye sloti ya juu. Mwenye RX 6600 aingie BIOS awashe Above 4G Decoding na Resizable BAR kama bodi yake inazo, kuna gemu unapata FPS za ziada bure.